Mlango wa Maboksi

Katika Mji ule usiku haukuwa wa kila mtu. Usiku ulikuwa mali ya mapaa. Mwenye paa, saa ikifika, giza lilimshukia humo humo ndani, likamfunika yeye na wanawe, akalala. Asiye na paa alibaki na mchana, na mchana wenyewe haukwenda mbele wala nyuma. Ulikuwa umesimama saa nne ya asubuhi, saa ya chai, jua limewakazia watu macho kama askari aliyeambiwa asiondoke lindoni mpaka aje wa kumpokea, na wa kumpokea hakuja. Ndiyo sababu watu wa nje walikuwa na macho mekundu. Wapita njia walisema, bangi hiyo. Haikuwa bangi. Ilikuwa saa nne.

Mzee Pandu aliingia Mji huo kwa miguu, kama alivyoingia miji mingine yote, akidhani atapita tu. Alikuwa mtu wa kupita. Darasa la kwanza alilisoma mahali, la pili pengine, la nne akalisoma kwa kuchungulia dirishani. La tatu hakulisoma kabisa, na mpaka uzeeni alihisi kuna jambo walilofundishwa wenzake katika lile la tatu ambalo yeye halijui. Labda namna ya kukaa. Hata jina lake lilikuwa la kupita. Kwingine aliitwa Mtoro, kwingine Mgeni, na mahali pamoja, kwa miaka mingi, aliitwa Wewe. Pandu ndilo alilopewa na mama yake, akawa analitunza kwa siku zenye maana, kama mtu anavyotunza shati. Alipotaka kutoka Mjini hakuona pa kutokea. Kila barabara aliyoifuata ilimrudisha kwenye foleni ile ile, mbele ya Nyumba ya Huruma.

Nyumba ya Huruma ilikuwa na ukuta mrefu, mlango mmoja na dirisha moja la nondo. Ukutani, kwa rangi ya buluu, herufi zimezidi kimo cha mtu, paliandikwa: KARIBU SANA. Pandu alilitazama neno hilo kwa muda ambao, kama muda ungekuwa unatembea, ungefika miezi. Akafikia hitimisho lake. Aliona kwamba zile "karibu" zote za Mji ule zilikuwa zimekusanywa, zikasagwa, zikachanganywa na mafuta ya taa, zikapakwa ukutani, ndiyo maana midomoni mwa watu hazikubaki. Hukumsikia mtu akilisema. Kwani nani ahangaike kulisema, nalo limeshaandikwa? Na neno lenyewe ni janja. Karibu, ingia. Karibu, bado hujafika. Mtu husimama mbele ya ukuta akasoma, akadhani anaitwa, kumbe anaambiwa alipo: yupo karibu. Karibu na kitanda. Karibu na uji. Karibu na kuwa mtu. Asogee kidogo tena. Hapo hapo. Karibu sana.

Kupitia nondo za dirisha walio mbele ya foleni waliweza kuviona vitanda. Vilikuwa arobaini, vimetandikwa, havina watu. Miguuni pa kila kitanda palikuwa na usiku mmoja umekunjwa vizuri kama shuka, mweusi, laini, na katika mikunjo yake nyota bado zilionekana.

"Vitanda navyo vimejiandikisha," alisema Chaurembo, mtu wa mguu mmoja na gongo, aliyekuwa mbele ya Pandu katika foleni. "Vinasubiri watu wao. Huruma iliyoje!"

"Watu wao ni akina nani?"

"Wenye vitanda kwao, mzee. Usiulize kama mtoto."

Ubavuni mwa ukuta, chini ya herufi ya mwisho ya SANA, palikuwa na maboksi matatu ya friji yaliyounganishwa kwa kamba, na humo aliishi Bi Siwema. Zamani alikuwa mpishi wa shughuli. Watu mia tano walikula mkononi mwake kwa siku moja, wakalamba vidole, wakasema mikono hii isife. Mikono haikufa. Ilivimba, na miguu ikavimba, na kifua chake kilikoroma kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Hata hivyo mbele ya maboksi yake alifagia. Alipanga matofali manne kwa mstari, akayaita kizingiti. Ndala zake zilikaa nje ya matofali hayo, ncha zimeelekea barabarani, maana ndani kwake hakuingia mtu na viatu, hata yeye mwenyewe. Hakuwa amepata usiku kwa miaka kumi na mmoja.

"Pandu," alikuwa amemwambia, "mimi sitaki nyumba. Nyumba nimezipikia, nazijua. Sitaki uji wao. Nataka usiku mmoja tu. Nilale gizani, niamke nione kumekucha. Siwezi kufa saa nne, mwenzangu. Mtu anakufaje saa ya chai?"

Basi Pandu alipofika dirishani hakujiombea. Ndani aliketi Redempta, karani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mbele yake daftari na muhuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya yule mama wa maboksi. Siwema. Anaumwa. Anataka usiku mmoja."

"Anakaa wapi?"

"Hakai. Miguu imevimba, kukaa kunamshinda. Amejiegemeza."

Nyuma yake foleni ilicheka. Redempta hakucheka. "Mzee, sikuulizi amekaaje. Anakaa wapi?"

"Pale. Ukinyoosha shingo utamwona."

Redempta hakunyoosha shingo. "Pale si mahali."

"Kama si mahali, yeye yuko wapi?"

"Ndicho ninachokuuliza." Alifungua daftari, akasoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusoma jambo mara nyingi hata halimwingii tena. "Kitanda ni cha mtu aliyepotewa na makao. Ili yakupotee, lazima uwe ulikuwa nayo. Na makao yanajulikana kwa hodi. Mwombaji alete shahidi aliyembishia hodi kwake, humu Mjini, akaitikiwa karibu. Kifungu cha saba." Akachukua muhuri, akaugonga kwenye karatasi, akampa Pandu. Muhuri ulikuwa na neno moja tu: KESHO.

Pandu aliitazama karatasi. Kesho. Mahali ambapo jua halikuwahi kutikisika.

Lakini hodi aliijua. Hodi ndiyo kazi pekee aliyoifanya maisha yake yote. Alikuwa ameipiga kwenye milango ya mbao na ya mabati na ya magunia. Alitoka mbio, kwa mbio za magoti ya uzee, akasimama mbele ya matofali manne.

"Hodi."

Ndani kimya. Halafu: "Nani huyo anayecheza?"

"Si mchezo. Hodi."

"Pandu, usinidhihaki. Mimi mgonjwa."

"Hodi, Bi Siwema. Ya tatu hii. Usiponiitika naondoka, ndivyo nilivyolelewa."

Boksi lilitikisika. Akasikia pumzi, kisha sauti ambayo haikuwa ile aliyoizoea. Ilikuwa ya mwanamke wa miaka thelathini aliyebishiwa hodi akiwa jikoni kwake, mikono ina unga.

"Ngoja nijifunge kanga."

Akangoja. Nani aliwahi kumngojesha kwa heshima namna hiyo? Wengine wote walimngojesha kama mzigo.

"Karibu," ilisema sauti.

Alivua makubazi, akayaweka kando ya ndala za mwenyeji, akaingiza kichwa na mabega, maana kilichobaki hakikuenea. Bi Siwema alikuwa amejifunga kanga mpaka kichwani, machozi yanamtoka, na amekasirika. "Ukisema kwa watu nimelia," alisema, "nitakutia maji ya moto."

Aliporudi dirishani Pandu alikuwa anacheka peke yake. "Andika! Shahidi ni mimi. Nimebisha mara tatu, nimeitikiwa."

Redempta alivua miwani, akaifuta. "Mzee wangu. Shahidi lazima awe mwenye paa."

"Hodi yangu ina kasoro gani?"

"Hodi yako haina kwao."

Hapo ndipo neno hilo lilipompanda. Halikumpanda kama moto, moto hupanda ukashuka. Lilimpanda kama maji kisimani, kimya, kutoka chini kabisa, kutoka darasa la tatu ambalo hakulisoma. Hodi yangu haina kwao. Nimebisha miaka sitini. Nani aliitika? Kuna walioitika. Mama mmoja, muuza mtama, aliitika, akanipa kata ya maji. Je, alimwitika nani kama mimi si mtu? Aliitika upepo? Alimpa upepo maji? Wamejenga nyumba, wakaandika Huruma. Wamekata usiku wa Mungu vipande, wakaukunja. Usiku! Kitu ambacho hata fisi anacho. Wakauweka kwenye vitanda vitupu. Wakaajiri mtu mwenye miwani ya uzi auchunge. Wakasema, mlete aliyewabishia. Nani abishe hodi kwenye boksi? Na boksi lenyewe wameliandika wao: DUMISHA WIMA. Dumisha wima! Mwanamke amelala ndani kavimba na ukutani kwake kumeandikwa dumisha wima. Wanasema tunawasaidia. Wanaandika ripoti kwamba wanatusaidia. Nataka nijue, sisi ndio wenye shida, au shida ni yao na sisi ndio chakula chake? Maana bila sisi ile nyumba ingefungwa kesho. Kesho! Neno zuri hilo. Bila sisi ingefika.

Yote hayo aliyasema kwa sauti. Hakujua mpaka alipoona foleni nzima imemgeukia, na Chaurembo ameshusha gongo.

Redempta aliangalia nyuma yake, kisha akainama karibu na nondo. "Mimi ningekuja," alinong'ona. "Lakini nimepanga chumba. Humu paa la kupanga ni nusu paa, hodi yangu nayo ni nusu. Mwenye paa zima humu ofisini ni mmoja tu, Mkurugenzi. Naye yuko chai."

"Chai inaisha lini?"

Redempta alitazama jua. Alisema tu, "Hutoka akisikia kuna wafadhili na kamera. Na kitu kingine, mzee, nakwambia tu kama hadithi. Amelelewa yule. Mama yake alikuwa mkali. Hata akiingia stoo yake mwenyewe hupiga hodi. Hajui kama anaipiga." Akanyooka, akasema kwa sauti kubwa, "Anayefuata!"

Hakuna aliyefuata. Foleni nzima ilikuwa imesikia.

Walikwenda kwa Bi Siwema wanne, wakaeleza. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema, "Sihamishwi kama takataka. Msianze na kuta. Anzeni na kizingiti."

Wakaanza na kizingiti. Matofali manne yalibebwa, kila mtu lake, mpaka mbele ya mlango mmoja wa Nyumba ya Huruma, hatua moja kutoka pale unapofungukia, yakapangwa kwa mstari. Bi Siwema, aliyebebwa kwenye gunia lake na bado anatoa amri, alisema tofali la kushoto limepinda. Likanyooshwa. Ndipo zikaja kuta, maboksi matatu, yakapangwa kimo cha kifua kuziba njia kutoka nguzo moja ya mlango mpaka ya pili, naye akaingizwa ndani. Mwisho kabisa Pandu alizileta ndala, akaziweka nje ya matofali, ncha kuelekea mlango wa Nyumba, maana sasa huko ndiko nje kulikokuwa.

"Wafadhili!" Chaurembo alipaza sauti. "Wafadhili wamefika! Na kamera! Kamera tatu, mama yangu, moja ina manyoya!"

Mlango ulifunguka haraka. Mkurugenzi alitokea, suti ya kijivu, kikombe cha chai mkononi bado kinafuka moshi, tabasamu limeshawekwa tayari. Aliona maboksi. Tabasamu halikujua liende wapi.

"Ndugu zangu, hii ni nini? Ondoeni. Gari langu liko kule." Akainua mguu kuyaruka matofali.

"We bwana!" Chaurembo alifoka. "Kuna mwanamke ndani!"

Mguu ulibaki hewani. Pandu aliuona vizuri: kiatu cheusi kinachong'aa, kimesimama juu ya tofali la kushoto, hakishuki wala hakirudi. Katika uso wa yule mtu mzima mnene palipita mtoto wa miaka sita aliyewahi kuchapwa kwa kosa hilo hilo. Mguu ukarudi chini. Na ulimi, ulimi ambao haukuwa wake bali wa mama yake, ukasema:

"Hodi."

Dirishani Redempta alishika kalamu.

Ndani kimya.

"Hodi?" alisema tena, na safari hii alijisikia, akageuka huku na huku kutafuta ni nani aliyesema.

Kimya. Sema, Pandu alimwomba moyoni. Sema, mwanamke wewe. Hodi ni tatu tu. Ya nne haipo. Isipoitikwa ya tatu mtu anageuka, hata akiwa na haki, hata akiwa na hamu, na huyu akigeuka amekwenda, na usiku wako umekwenda, utakufa saa nne mchana kweupe macho yamekodoka. Alitaka kumwitikia. Angeweza kuibana sauti. Alijiuma ulimi mpaka akasikia chumvi, kwa sababu karibu haisemwi na jirani. Karibu husemwa na mwenyewe.

"Hodi, jamani," alisema Mkurugenzi, na sauti ilikuwa ndogo.

Boksi lilitikisika.

"Ngoja nijifunge kanga."

Akangoja. Watu walimtazama Mkurugenzi akingoja, jambo ambalo Mji ule haukuwahi kuliona. Hakujua afanye nini na mikono. Hakujua aangalie wapi. Alijaribu kunywa chai, akaona si adabu kunywa mlangoni pa mtu, akaishusha. Mvuke ulipungua. Chai ilipoa. Na ilipopoa kabisa, Pandu, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, aliona kivuli cha gongo la Chaurembo kikisogea upana wa kidole. Aliinua macho. Ilikuwa saa nne na dakika moja.

"Karibu," alisema Bi Siwema.

Redempta aliandika. Kalamu ilisikika mpaka nje.

"Asante," alisema Mkurugenzi, akainua mguu.

"Viatu, baba. Viatu."

Alivua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilitokeza kama mtu anayechungulia. Hakuna aliyecheka. Walikuwa na hasira mno. Aliinama, akaingia kwenye maboksi ya Bi Siwema, akampita amejikunyata, akisema samahani mama, samahani, naye akimwambia pita, lakini usinikanyagie sufuria. Akatokea upande wa pili.

Redempta alikuwa ameshautoa usiku. Kitanda kisingepita kwenye nondo, lakini usiku ni kitu laini. Aliuchomoa katikati ya vyuma viwili, mkunjo kwa mkunjo, akampa Pandu. Ulikuwa baridi, mzito kuliko alivyodhani. Aliupeleka mikono miwili mpaka kizingitini na, kwa kuwa ana adabu zake, akabisha kwanza.

Bi Siwema aliupokea, akaunusa. "Unanuka uvundo wa kukunjwa," alisema. "Washenzi. Usiku haukunjwi." Akaukung'uta, nyota mbili tatu zikaanguka vumbini. Akajifunika. Ndani ya maboksi matatu, na humo tu, kukawa giza. Wakasikia kifua kikikoroma, kikakoroma polepole zaidi, kikatulia kwenye pumzi ndefu ya mtu aliyelala. Chaurembo alikwenda akazikalisha sawa ndala za Bi Siwema.

Ni hapo Mkurugenzi, amesimama na soksi akilitafuta gari lake kwa macho, alipogundua kwamba gari lilikuwa mbali kuliko alivyoliacha. Katikati palikuwa na vizingiti. Wakati yeye akingoja, foleni haikukaa bure. Huyu alileta boksi, yule gunia, mwingine mwavuli usio na kitambaa, mwingine mlango wa friji bila friji yake. Walikuwa wamejipanga barabara nzima, kila mmoja nyuma ya matofali yake au mawe yake, ndala nje, na hakukuwa na pengo hata la paka. Alitaka kurudi. Nyuma yake alilala mwanamke, na mwanamke aliyelala haamshwi.

Alisimama mbele ya gunia la kwanza.

"Hodi."

Pandu aliisikia hodi hiyo akiwa mwisho kabisa wa mstari, karibu na gari. Hakuwa na boksi wala gunia. Miji yote hiyo, na hakuwahi kubeba ukuta. Alisugua ardhi kwa kidole cha mguu, akachora mstari mavumbini mbele yake, kutoka bega lake moja mpaka la pili. Alivua makubazi, akayaweka upande wa huko, ncha kwa nje. Akasimama nyuma ya mstari. Miguu ilimwambia, twende. Akaiambia, kaeni.

Hodi ziliendelea kuja, zinasogea, nyingine zinaitikwa haraka, nyingine zinangojeshwa. Baada ya kila karibu kalamu ya Redempta ilisikika, na jua lilikuwa linakwenda sasa, zito, likikwaruza kama kabati linalosogezwa sakafuni.

Alijaribu neno. Alikuwa amepiga hodi maelfu, lakini karibu hakuwahi kulitoa, hata mara moja. Halikuwa lake kulitoa. Alilikuta mdomoni lina kutu. Alilisema kwa ndani, likatoka kama ombi. Akaona aibu, kisha akaona hasira, na hasira ikamsaidia. Akalisema tena. Halikuwa ombi. Ya kwanza ataiacha ipite, aliamua. Ya pili nayo. Amesoma madarasa mawili na la nne kwa kuchungulia, lakini kuhesabu mpaka tatu anajua.

Hodi ilisikika kwa Chaurembo, mlango wa pili kutoka kwake.

Kisha ikasikika karibu.